Roketi za Mama Chupa

Watoto wa darasa la awali walimwita mwalimu wao Mama Chupa, maana hakupita jalalani bila kuinama. Kila chupa ya soda aliyookota, kwake ilikuwa roketi. Aliibandika mabawa ya boksi, akatia maji robo, akakaza kizibo chenye sindano ya kujazia mpira, na pampu ya baiskeli ikamaliza kazi. Watoto wa miaka mitano walieleza bila kigugumizi kwamba maji yanasukumwa chini, roketi inasukumwa juu, na kwamba mwezini hakuna hewa ya kupeperusha hata unyoya.

Siku moja akafungua jarida la elimu ofisini. Akakuta picha ya mwalimu mkuu, chupa mkononi, meno yote nje. "Ubunifu wangu huu umenichukua miaka sita," alisema humo. Mama Chupa hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Akamwendea. "Mkuu, hii si kazi yangu?"

"Dada, kazi ya shule ni ya mkuu. Wewe shukuru unacheza na watoto."

Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nyumbani mumewe akambembeleza, "Yaache, mke wangu. Mungu anaona."

"Anaona, ndiyo. Na mimi nataka kuona."

Haikupita wiki tatu, mkaguzi wa elimu akatuma taarifa: anakuja kuona roketi. Asubuhi ya siku hiyo mkuu, ndani ya suti mpya, akamvuta Mama Chupa pembeni.

"Hebu nielekeze kidogo. Hicho kizibo kinakazwaje?"

"Mgunduzi ni wewe, mkuu. Mimi nitakufundisha nini?"

"Basi kaa nyuma na watoto wako!"

Akakaa. Uwanjani mkuu akajaza chupa maji hadi shingoni, akachomeka kizibo juujuu, akapiga pampu. Kimya. Akainama kuchungulia. Binti mmoja mdogo akafungua mdomo amwonye, lakini Mama Chupa akamwekea mkono begani.

"Tulia, mwanangu."

Pwaa! Maji yote yakamwishia mkuu usoni, miwani ikaruka, suti ikamganda mwilini.

Mkaguzi, mama wa makamo, akauma midomo asicheke. "Watoto, kosa liko wapi?"

"Maji mengi!"

"Kizibo kimelegea!"

"Hakuna kuinama!"

"Nani aliwafundisha?"

Wote wakageuka nyuma. Mama Chupa akaja mbele taratibu, kila hatua akiionja kama asali. Roketi yake ilipopaa, watoto wakapiga kelele hadi sauti zikawakauka. Yeye hakutazama juu. Alimtazama mkuu akijipangusa.

Darasani yule binti akauliza, "Mwalimu, mbona ulinizuia?"

"Lete gundi," akajibu, bila kumtazama.

Jarida lilisahihisha habari, na barua ya mkaguzi ikamtaja kwa jina lake kamili. Mkuu akaja mlangoni, kofia mkononi. "Dada, nisamehe."

"Nimesikia, mkuu," akasema, na kuendelea kukata boksi.