Upepo Kwenye Breki

Kaka yangu Felisiani ni fundi magari hapa Ngara, na kichwa chake ni kigumu kuliko spana zake. Ana Landrova ya mwaka sabini na nne. Ilikuwa ikipanda mlima wa kwetu taratibu mno, hadi abiria wanaona aibu, wanashuka na kutembea. Mwaka huu akaing'oa injini ile ya kizee, akafunga ya dizeli kutoka kwenye Toyota iliyopinduka njia ya Rusumo.

Kwetu injini hupimwa kwa kupanda. Landrova ilipanda mpaka nyumbani kwa gia ya tatu, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikiwemo, mjinga mimi. Hakuna aliyefikiria kushuka. Kesho yake, kwenye mteremko, breki za zamani zilishindwa kabisa kuizuia, ikaenda kusimama katikati ya migomba ya mzee Sostenes. Kaka alitoka mzima. Aliirudisha nyumbani kwa gia ya kwanza, akafungua breki zote za mbele aweke za diski, akaapa kwamba haitashuka tena mpaka amalize.

Alhamisi asubuhi diski zilikuwa zimeshafungwa, bado kutoa upepo kwenye mabomba tu, maana breki yenye upepo haishiki. Ndipo wifi yangu Adelfina, mke wa Felisiani na mama wa Kezia, aliposhika kifua jikoni na kukaa chini. Jasho lilimtoka kama amemwagiwa maji. Tulipiga simu hospitali, kule chini ya mlima, tukaambiwa gari la wagonjwa limekwenda kwenye ajali Rusumo. Kijana wa bodaboda alikuja, akamtazama, akasema mtu huyu ataanguka njiani. Nilimtukana, ingawa alisema kweli.

"Nipeni nusu saa," Felisiani alisema. "Natoa upepo, tunashuka."

Tulimpandisha Adelfina kwenye kiti cha abiria, mimi nikakaa kwenye usukani. Kazi ile inataka watu wawili. Wa juu anakanyaga pedali na kuishikilia. Wa chini anafungua skrubu ndogo, mafuta yanatoka pamoja na upepo, anafunga, ndipo pedali inaachiwa. Ukiachia mapema, upepo unaingia tena na kazi inaanza upya. Siku zote Adelfina ndiye aliyemkanyagia mumewe. Mimi nauza maharage sokoni, ningejua nini?

Niliachia mapema. Nikarudia, nikaachia mapema tena.

"Verediana! Unaniulia mke!" kaka alipiga kelele kutoka chini.

Nililia. Nilijichukia.

"Wifi, sogea," Adelfina alisema.

"Hapana, wifi yangu, tulia."

"Sogea. Ninyi wawili mtanichelewesha."

Nilikataa, akanisukuma kwa mkono uliokuwa wa baridi. Nikashuka. Akajivuta polepole hadi kwenye usukani, nami nikasimama mlangoni nikimshika bega.

"Kanyaga," kaka alisema. "Shika."

"Nimeshika," Adelfina akajibu.

Sauti ile kaka aliijua. Nilidhani atatoka kunigombeza, lakini nikasikia spana ikizunguka. Alijua kama mimi kwamba hatukuwa na njia nyingine, na mpaka leo hatujawahi kulizungumza.

Gurudumu la kwanza likaisha, wakahamia la pili. Sauti ya wifi ilikuwa inapungua, ila hakukosea hata mara moja. Nilimwomba Mungu kwa Kihangaza, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoka.

"Shika."

"Nimeshika."

Mafuta yalitoka safi, bila povu hata kidogo. Kaka alikaza skrubu akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeokoka.

"Imeisha! Achia, Mama Kezia, tunakwenda!"

Mguu ulibaki pale pale, umeikandamiza pedali hadi mwisho.

"Achia," kaka akasema tena.

Bega la wifi lilikuwa limenilegea mkononi, pumzi hakuna. Nikamwambia kaka atoke chini ya gari.