Karabai ya Shemeji

Shemeji yangu hawezi kuwasha taa bila kutafuta watazamaji. Siku ya kununua, dada alishika kandili ndogo ya utambi, akasema hii inatosha, haina kelele, tukiwa kambini tutamsikia mtoto. Mumewe akacheka mbele ya muuzaji: "Hiyo ya kumulikia kuku bandani!" Akabeba karabai, kubwa kuliko zote. Sasa kila tukipiga kambi, giza likianza tu kuingia, anaanza maonyesho yake. Anamimina mafuta ya taa kwa madaha, anafuta kioo kwa pindo la fulana, kisha anapiga pampu, ulimi kaubana pembeni mwa mdomo. Karabai inavuma kama kiwanda, naye kajishika kiuno: "Mnaonaje mwanga huo?" Tunauona, bwana, unatutoboa macho! Ukimwomba apunguze, ndio kwanza anaongeza pampu.

Jana tukiwa tunakula, dada aliacha kijiko ghafla, akageuza shingo kuelekea hemani.

"Hebu izime kidogo."

"Ndiyo kwanza imekolea," akajibu mumewe, akapiga pampu tena.

Dada alinyoosha mkono, akafungulia upepo wa karabai. Mwanga ukafifia, mvumo ukakatika, na hapo ndipo tukamsikia mtoto hemani, analia, sauti imeshamkauka. Dada akakimbia, akajikwaa kwenye kamba za hema, akainuka. Nikamsikia shemeji gizani, anamfokea mgongoni:

"Nani kakwambia uzime taa yangu?"