Utaongea Naye Ukifika

Moto wa nyika ulikuwa umefunga barabara mbele na nyuma ya lori la baba, magharibi ya Texas, na mama akamwambia kwenye simu kwamba nimelala.

Leo upepo mkavu umeleta harufu ya nyasi zilizoungua hadi kwangu, mjini Katy, nami nimeikumbuka roshani ya nyumba yetu ya utotoni, mjini Carrollton. Ilikuwa Ijumaa mchana. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kwenye nguo zilizoanikwa. Mama alikuwa ameshatia makaa kwenye chetezo, maana baba akirudi safari lazima akute nyumba inanukia udi.

Simu ikalia, akaiweka kwenye spika.

“Udi tayari?” baba aliuliza.

“Kwani moshi wa huko haujakutosha?”

Baba alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. “Hatutoki hapa. Hebu mpe mtoto simu nimsikie.”

Nilikuwa nimeshika dera la mama. Alinitazama, kama anayekataa baba aniage kwa simu.

“Amelala. Utaongea naye ukifika.”

Simu ikakatika.

Barabara ilifunguliwa, na baba alifika kesho yake jioni, macho mekundu. Alinipakata, akaniuliza kama jana nililala vizuri. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema ndiyo. Sijui kama baba aliamini.