Kinyoka cha Chini ya Mihogo

Muhogo unaotoka msituni huuzwa ukiwa bado na udongo wake. Juzi nilinunua fungu moja hapa mjini, nikaliinamia nimenye, na harufu ile ya udongo mweusi na majani yaliyooza ikanipanda puani hadi nikaweka kisu chini. Sikuwa tena mama wa watoto watatu. Nilikuwa na miaka tisa, nimechuchumaa katika shamba la Mama Riziki, kule Ntoto, kwenye misitu ya Walikale.

Mama Riziki ni mdogo wake mama yangu. Aliolewa huko, na likizo ile nilipelekwa kwake kutoka milimani kwetu, karibu na Lushebere. Nilifika na majivuno yangu yote: kwetu kuna baridi tamu, kuna maziwa, na kwetu, nilimwambia binamu yangu Riziki, mimi hushika nyoka kwa mkono.

Haukuwa uongo mtupu. Tukilima maharagwe baada ya mvua, jembe lilikuwa likifukua kinyoka chembamba, cheusi, laini kama kamba ya kiatu, kisichomng'ata mtu. Wakubwa walisema kina vichwa viwili, ndiyo maana hakijui kiende wapi. Nilikuwa nakiweka kiganjani, kinanitekenya kikitafuta udongo, kisha nakirudisha. Huo ndio uliokuwa utaalamu wangu wote.

Asubuhi moja Mama Riziki aling'oa shina la muhogo, na chini yake kikajikunja kinyoka cheusi, kinang'aa. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Riziki alikuwa akitazama. Nikanyoosha mkono.

Mpini wa jembe la Mama Riziki ukanigonga vidole.

"Wacha!"

Machozi yalinijaa. "Ni ile ya kwetu," nikasema. "Haiumake mutu."

"Ile ya kwenu iko na macho?"

Nikafikiri. "Hapana. Iko na alama tu, kama nukta."

"Basi rudi nyuma, ukae, uangalie hii. Angalia bien, muzuri kabisa, mpaka weye mwenyewe uniambie."

Nilidhani angekiponda kwa jembe, kama wakubwa wote. Yeye akachuchumaa kando yangu. Nikatazama. Taratibu nikaona vijicho viwili, vidogo kama mbegu za lengalenga, yaani mchicha. Nikaona pia kwamba hakikuhangaika kuingia udongoni kama kile cha kwetu. Kilikunja shingo kama upinde, kikaelekeza pua chini kama mtu anayesali. Mama Riziki akakisogezea kijiti kirefu. Hakikufumbua kinywa. Kilitupa kichwa pembeni, mara moja, na kijiti kikabaki na tone la maji, sumu yake.

"Iko na macho," nikasema polepole. "Na inauma kwa pembeni."

"Njo vile," akakubali. "Hata ukiikamata nyuma ya kichwa, inakupata tu. Haiko ya kwenu."

Aliponyanyua jembe, kinyoka kilikuwa kimeshazama katika ufa. "Leo hapa hatuchimbe tena," akasema, tukahamia upande wa pili wa shamba.

Mchana, tukila fufu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, mumewe, Papa Riziki, akauliza habari za kazi.

"Mutoto wa dada yangu njo aliokoa mukono yangu leo," Mama Riziki akasema. "Alitambua nyoka. Aliangalia macho, akasema hii iko mubaya."

Riziki alifumbua kinywa. Mama yake akamtazama. Riziki akatia tonge la fufu kinywani. Papa Riziki, mwindaji asiyesifu mtu ovyo, alichukua kipande chake cha samaki akakiweka mbele yangu, nami nikakila bila haya. Likizo nzima nilitembea nikichungulia kila kiumbe macho yake, na niliporudi Lushebere nilisimulia habari ile hivyo hivyo, nami mwenyewe nikiiamini.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwa nini alinipa sifa ile. Lau ningerudishwa nyumbani kama mpumbavu aliyegongwa vidole, ningeficha mikono yangu na nisingetazama kitu tena. Na ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtoto hakulipa maana: pale alipochuchumaa kando yangu, Mama Riziki alikuwa ameulaza mpini wa jembe kati yangu na kinyoka.

Nilimpigia simu siku ile ile ya juzi, muhogo wangu haujaiva jikoni. Nikamwambia asante kwa sifa aliyonipa, isiyokuwa yangu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Sifa gani, mwanangu? Si weye njo uliitambua?"