Muhuri wa Haraka

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye dirisha la ofisi moja hapa mjini, nyuma ya bibi mmoja aliyetoka shamba. Karani hata shikamoo hakumpa.

"Bi, nshakwambia, ya kisima chenu ingoje. Nna barua za haraka."

"Kimebomoka, mwanangu. Watoto wanakunywa maji ya dimbwi."

Karani akagonga muhuri mwekundu wa HARAKA kwenye barua nyingine. Bibi akautazama.

"Basi na mimi nigongee huo."

Karani akacheka, akaitia karatasi ya bibi chini ya rundo. Nikaichungulia ile barua ya haraka: bwana mkubwa anataka mapazia, jua linampiga machoni.

Jana nilipita tena. Mapazia yashatundikwa, na kwa kweli yanapendeza. Karatasi ya bibi ingali chini ya rundo.