Nywele za Mawe

Harusi za Handeni zina chakula kingi na mwanga mbaya. Nimepiga picha maharusi wa huko miaka mingi, na mpaka leo sijaelewa kwa nini bibi harusi mwenye gauni jeupe lazima asimamishwe mbele ya ukuta mweupe, jua likiwa utosini, halafu nilaumiwe mimi kwamba sura yake haionekani.

Siku hiyo nilikuwa nimeshalaumiwa vya kutosha. Nilikuwa nimekaa pembeni na sahani yangu ya pilau, nimenuna, bibi yake bwana harusi aliponiita kwenye mkeka wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo kamera yako inaona gizani?"

"Ukiipa mwanga inaona, bibi."

"Basi kaa hapa."

Akaniambia kwamba nyuma ya kilima kuna pango. Alipokuwa msichana, ukame ukizidi, walikuwa wakitumwa humo kukinga maji yanayodondoka. Katika chumba cha ndani kabisa kuna nywele za mawe: nyeupe, nyembamba, zimening'inia juu, ukizigusa zinadondoka. Sasa magoti yake hayamfikishi hata mlangoni mwa pango.

Wanawe waliokuwa wanakula karibu yetu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mkubwa wao, mwenye duka la vipuri Segera, alinieleza bila hata kushusha sauti. Mama alianza kuwasimulia habari hiyo wakiwa wadogo, lakini siku hizi anawasimulia hata wageni. Wamekaa kama familia, wameona akili inaanza kuhama, kwa hiyo wiki ijayo anahamia Segera ili aangaliwe.

"Umri, fundi," akasema. "Leo mawe yana nywele, kesho atatuambia yanakwenda kusuka."

"Segera siendi," bibi akasema. "Malori yanaunguruma usiku kucha. Nyumba yangu iko hapa, kuku wangu wako hapa, na baba yenu tumemzika hapa. Mpiga picha aingie pangoni. Akizikuta, mtaniacha kwangu."

"Mama, akileta picha, hakuna atakayekugusa," yule mkubwa akajibu, na wenzake wakapiga makofi. Hakuna aliyeniuliza mimi kama nitakwenda. Lakini nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake, na mimi nikikasirika huwa nakubali mambo.

Kesho yake nikapelekwa na jirani mmoja mfugaji, aliyelijua pango kwa sababu mbuzi wake aliwahi kutumbukia humo. Bibi alikuwa amenipa masharti: nivue viatu, nijitambulishe kwa sauti, niseme natoka wapi na nimefuata nini, ndipo niingie. Wenyewe wa pale, alisema, hawapendi mtu wa kuingia kimyakimya kama mwizi. Mfugaji akanishikia kamba mlangoni, akakataa katakata kuingia.

"Hodi," nikaliambia giza. "Mimi ni mpiga picha, natoka Korogwe, Masuguru. Nina studio. Nimekuja kupiga picha tu, sitagusa kitu." Giza likanyamaza. Nikaona nimejieleza kwa ufupi mno, nikaongeza: "Picha za pasipoti pia tunapiga, unasubiri na kuondoka nazo."

"Unaongea na nani huko?" mfugaji akauliza.

"Na wenyeji wako!"

Nilitambaa kwa tumbo, na tumbo langu ni la mtu anayekula harusini kila Jumamosi. Mahali pengine nilikwama kabisa, nikawa natoa pumzi ili nipungue. Kinyesi cha popo kiliniwasha pua, nikaibana kwa vidole viwili. Ndipo chumba kikafunguka, nikawasha tochi.

Zilikuwepo. Mamia ya vijiti vyeupe vya mawe, vyembamba kama mrija wa soda na vingine vyembamba zaidi, na kwenye ncha ya kila kimoja tone la maji. Niliogopa kupumua. Nikalala chali, nikaweka tochi pembeni ili mwanga upite ubavuni, maana ukizimulika usoni kwa flashi zinapotea kama yule bibi harusi wangu. Lenzi ikashika ukungu wa pumzi yangu, nikafuta, ikashika tena. Hatimaye kila kitu kikatulia, kidole kikiwa kwenye kitufe, na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa mazoea: "Haya, tabasamu kidogo."

Nilirudi Masuguru nikiwa na vumbi mpaka masikioni na furaha isiyo na kifani. Nikampa mke wangu nakala ya picha, nikamwambia atengeneze, achapishe kubwa, atie fremu, nikaenda kuoga na kulala. Kwetu mimi napiga, yeye anatengeneza. Ni fundi kweli. Hakuna mtu anayetoka studio kwetu na chunusi, kovu, wala kivuli chini ya macho. Watu wanatoka Dindira mlimani wanapita studio nyingine ili waje walainishwe na mke wangu.

Asubuhi nikaikuta fremu imefungwa kwa karatasi ya zawadi yenye maua. Nikaona aibu kuichana, nikaondoka nayo hivyohivyo.

Familia nzima ilikuwa uani ikinisubiri. Yule mkubwa akamwamkia mama yake, akaipokea fremu kwa mikono miwili kama mshenga, akachana karatasi, akaiinua kila mtu aone.

Ilikuwa dari. Nyeupe, laini, safi, kama ya sebule iliyopigwa plasta jana. Hakukuwa na kijiti hata kimoja.

Kicheko kilichopasuka pale sitakisahau. Bibi hakucheka. Macho yake hayaoni vizuri, akawa anageuza kichwa huku na huku akiuliza, "Zimetoka? Zimetoka?" Nilitamani ardhi inimeze.

Nikapiga simu, nikaweka spika.

"Mke wangu, zile nywele kwenye picha ziko wapi?"

"Nimezitoa!" akajibu kwa fahari, uwanja mzima ukisikia. "Sijui kamera yako iliingia nini, picha nzima ilikuwa na nywele! Nimezitoa moja moja mpaka macho yananiuma. Wamefurahi?"

Kicheko kikaanza kupungua, kuanzia kwa wale wa karibu na simu.

Nikatoa kamera kwenye begi, kadi ikiwa bado ndani, nikaitafuta picha yenyewe nikampa yule mkubwa. Akaitazama. Akaikuza kwa kitufe, akasogea kivulini, akaitazama tena. Wadogo zake wakamzunguka, vichwa vikagongana.

Nikampelekea bibi kamera. Akaishika, akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akanirudishia.

"Ni kadogo, sioni," akasema. "Mpe huyo mkubwa aangalie upande wa kushoto, chini. Kuna mmoja haukuning'inia kama wenzake. Umejikunja ukarudi juu, kama ndoano."

Mimi niliyelala chali chini yake sikuuona. Yule mkubwa akachukua kamera, akasogeza picha taratibu kwenda kushoto, kisha chini, akasimama hapo.

Asubuhi ile alikuwa amekwisha kumwamkia mama yake, nilisikia mwenyewe. Lakini alimpa kamera mdogo wake, akaenda mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti na mwili wake wote ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," bibi akasema. "Ufike salama Segera."