Ladha ya Jiwe

Dawa nyekundu ya kansa inaniachia ladha ya chuma mu kinywa. Infirmière mwenye kunichoma sindano anasema inaua kila kitu chenye kukua mbio: kansa, hata nywele.

Ile ladha naijua. Mama alikuwa anaosha mawe ya shaba mu mutoni, mi mutoto karibu yake. Jiwe likichafuka sana, ananipatia.

«Lamba, tuone kama iko kijani.»

Nalamba, kijani ya shaba inatokea.

«Muone ingénieur wangu,» anacheka.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yananuka asidi. Kampuni ya migodi ya kule juu iliyatupa kwetu. Bakubwa bake walijua iko sumu. Bao wenyewe walikunywa maji ya chupa.

Leo uvimbe umepungua, lakini natapika sana.

«Tuendelee na dawa, mama?» infirmière ananiuliza.

Nalamba midomo.

«Tuendelee.»